Asubuhi Nitajua

Majira ya joto, kila Jumamosi alasiri, bandari za mashua za Dalmatia hufanana. Iwe Biograd, Murter, Šibenik, Trogir au Split, utakuta gati zimejaa mashua nyeupe zenye milingoti mirefu, wafanyakazi wanakimbizana na ndoo na mifagio, na wageni waliotua asubuhi kwa ndege wanapandisha masanduku, mikate na katoni za maji. Mikataba mingi ya kukodi mashua katika pwani hiyo ya Kroatia huanza Jumamosi na kwisha Jumamosi, na chombo sharti kiwe kimerudi gatini Ijumaa jioni. Basi Jumamosi jua likianza kuinama wote hutoka kwa pamoja, injini zinanguruma, matanga yamekunjwa ndani ya mifuko yake. Ijumaa hurudi kwa pamoja, na mara nyingi matanga yangali yamekunjwa vilevile. Njia imepangwa kabla hata ya safari: Jumapili kisiwa hiki, Jumatatu kile, na Jumanne meza imeshawekwa kwa simu katika mkahawa wa kisiwa cha tatu. Upepo haukuulizwa neno.

Ninaandika kwa uchungu kwa sababu nimeiona safari hiyohiyo, katika visiwa hivyohivyo, ikifanywa na mtu anayeijua. Kuhama kisiwa hadi kisiwa kwa tanga ni ufundi kamili, kama ulivyo ufundi wa kuunda chombo au kuchonga mlango, na una mafundi wake. Wanapungua, na wanapungua mbele ya macho ya maelfu ya watu wanaolipa fedha nyingi ili wapite karibu nao bila kuwaona.

Niliyemwona mimi ni mzee wa kisiwa cha Murter, nahodha wa mashua ya mbao ya mita 11 iliyoundwa Betina, upande wa pili wa kisiwa hichohicho. Huko mzee wa chombo huitwa Barba. Wavuvi, wauza samaki, hata maofisa wa bandari walimwita hivyo, nami nikamwita hivyo, maana hata kwetu mkubwa wa chombo haitwi jina lake tupu. Ujana wake ulikwisha kwenye meli za mizigo za Yugoslavia. Kilindini aliwahi kutia nanga, na maembe ya Mombasa aliyakumbuka vizuri kuliko Mombasa yenyewe. Tuliongea Kiingereza cha melini, maneno machache na mikono mingi.

Hakuwa akichukua wageni wa Jumamosi. Aliyetaka kusafiri naye alimpigia simu, wakakubaliana siku ya kuondoka, na siku ya kurudi ikaachiwa nafasi huku na huku. Jioni ya kwanza, tukiwa bado gatini, nilimwuliza, "Barba, kesho tutalala kisiwa gani?" Alitazama upande wa bara, kwenye mgongo wa milima ya Velebit, kisha akatazama moshi uliokuwa ukitoka kwenye jiko la mkahawa wa jirani ulikuwa ukielekea wapi. Akasema, "Asubuhi nitajua." Asubuhi alikuwa anajua. Alikuwa ameamka kabla ya adhana ambayo huko haipo, ameketi tezi na kikombe cha kahawa, na kisiwa kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa.

Pwani hiyo ina visiwa, vijisiwa na miamba zaidi ya elfu moja, na karibu vyote vimelala sambamba na bara, kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, kwa kuwa ni vilele vya milima iliyozama. Kati ya safu na safu kuna milango mirefu ya bahari, na kila upepo huingia humo kwa tabia yake. Maestral ni upepo wa kiangazi. Huamka saa nne au tano asubuhi kutoka kaskazini-magharibi, hukaza alasiri, na jua likitua nao hutua. Bura hushuka kutoka milimani, kaskazini-mashariki, baridi na mkavu, mbingu ikiwa safi kabisa. Hupiga kwa mapigo, na huyarusha maji ya bahari yakawa ukungu wa chumvi unaounguza kila jani, ndiyo maana kisiwa cha Pag, upande unaotazama Velebit, ni mwamba mtupu. Jugo hutoka kusini-mashariki, wa joto na unyevu. Huo haufiki ghafla. Hujikusanya kwa siku mbili tatu, ukaleta mawimbi marefu, mawingu mazito na, wanavyoapa wenyeji, ugomvi majumbani. Husimuliwa kwamba Dubrovnik ilipokuwa jamhuri, baraza lake halikupitisha sheria siku za jugo. Na iko nevera, dhoruba ya ghafla ya kiangazi itokayo magharibi, ambayo huikuta bahari shwari na kuiacha imechafuka, yote ndani ya saa moja.

Hayo yamo vitabuni, na mtu yeyote anaweza kuyasoma akiwa kitandani. Barba alikuwa na mengine. Mlingotini, kwenye kimo cha uso, alikuwa amefunga kipande cha kamba ya katani kisichokuwa na kazi yoyote. Hakikushika tanga wala hakikuning'iniza taa. Kila asubuhi alikifinya kwa vidole viwili. Katani hunywa unyevu wa hewa ikakakamaa, na kwa ugumu wake alijua kama jugo unanyemelea, hata kama mbingu bado ilikuwa ya buluu. Nilipomwambia kwamba mashamba ya mkonge yapo nyumbani kwetu, kuanzia Tanga hadi Kilosa, alikifinya tena kile kipande na kukitazama kwa heshima mpya. Simu yenye utabiri wa hali ya hewa alikuwa nayo, wala hakuidharau. Aliifungua baada ya kumaliza kutazama mbingu na kufinya kamba, kamwe si kabla, na mara nyingi aliitikia kwa kichwa, akairudisha mfukoni.

Kwetu upepo una msimu. Kaskazi likishika, mtu anajua ataliona hadi Machi, na kusi nalo lina miezi yake. Nahodha wa Tumbatu husubiri msimu, kisha husubiri maji, kwa kuwa Zanzibar wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka karibu mita 4, na hori lililokupokea asubuhi laweza kuwa mchanga mtupu jioni. Dalmatia maji hayaendi mbali. Tofauti ya kujaa na kupwa kwa kawaida haifiki hata nusu mita, na nyumba zimejengwa ukingoni kabisa mwa bahari bila hofu. Akili yote ya baharia wa huko imeelekezwa kwenye upepo, na upepo wenyewe hugeuka kwa saa. Ndiyo maana ufundi wao ukawa wa kuchagua. Kila asubuhi visiwa vyote viko wazi, na kila jioni kimoja tu ndicho kilichokuwa sahihi.

Siku ya kwanza maestral ulitushika ubavuni, tukavuka kutoka Murter hadi Kornati bila kugusa kamba zaidi ya mara moja au mbili. Kornati ni kundi la visiwa lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1980. Visiwa na miamba 89 imo ndani ya mipaka yake. Ni mawe meupe, nyasi kavu, na kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, zinazopanda kilima na kushuka ng'ambo kwa mamia ya kilomita, zikigawa malisho ya kondoo na vijishamba vya mizeituni. Tulipozunguka ncha ya kusini ya Kornat, kisiwa kikubwa cha kundi hilo, ncha iitwayo Opat, upepo ukawa wa omo. Kule tulikotaka kwenda ndiko ulikotoka. Mashua zote zilizotutangulia zilikunja matanga hapo, zikawasha injini, zikaenda moja kwa moja.

Waswahili husema dau la mnyonge haliendi joshi. Barba alikwenda joshi alasiri nzima. Njia ilikuwa nyembamba, Kornat upande mmoja na visiwa vya nje upande wa pili, nasi tulikwenda pembeni, tukageuza, tukaenda pembeni tena. Mwanzoni nilidhani anageuza anapoukaribia mwamba, kama afanyavyo kila mtu. Haikuwa hivyo. Aligeuza mahali ambapo kilima kilikuwa na bonde, kwa sababu upepo ukipita bondeni hujikunja, na anayegeuza hapo hupewa hatua kadhaa za bure kuelekea joshini. Kulikuwa na mwamba mmoja aliousogelea hadi nikashika kamba kwa mikono miwili. Niliona chaza waliong'ang'ania mawe chini ya maji. Alipogeuza, tanga lilijaa upande wa pili hata kabla halijamaliza kupigapiga. Alijua kila bonde la Kornat lina upepo gani saa tisa, na lina upepo gani saa kumi. Baba yake ndiye aliyemwonyesha, nao walikuwa wakienda huko kuchunga kondoo, kuchuma zeituni na kuvua, kwa sababu ardhi ya Kornati, tangu karne ya 19, sehemu kubwa ni mali ya watu wa Murter.

Lakini nikiambiwa nichague jambo moja tu la kusimulia, nitasimulia jinsi alivyotia nanga.

Tuliingia ghuba ya Lavsa jua likiwa limekaribia vilima. Ni ghuba iliyoingia ndani sana, na humo chini ya maji bado yanaonekana mabaki ya mashamba ya chumvi ya zamani. Mashua nyingine zilikuwa zimekwisha kufika, watu wanaoga, wengine wanapika. Barba hakuwasha injini. Aliteremsha tanga la mbele peke yake, akalikunja kwa goti, akarudi tezi, akashika usukani kwa nyonga. Tuliingia kwa tanga kuu pekee, polepole, tukapita katikati ya vyombo vilivyolala, na nikaona watu wakisimama na sahani mikononi. Alikuwa akitazama maji. Katika bahari ile iliyo angavu, sakafu huonekana hata kwenye kina cha mita 10. Mabaka meusi ni majani, mabaka meupe ni mchanga. Alitafuta baka jeupe, akalipita kidogo, kisha akausukuma usukani wote upande mmoja.

Chombo kilielekeza omo kwenye upepo. Tanga likapigapiga, likanyamaza. Tuliendelea kwenda mbele kwa mwendo uliobaki, mwendo ambao hakuna awezaye kuuongeza wala kuupunguza. Ulikuwa umepimwa tangu kule mlangoni. Barba alitembea hadi omo bila haraka. Alifika pale chombo kilipokuwa kikisimama, nacho kikasimama. Naamini huo ndio usahihi mkubwa kuliko wote nilioushuhudia kwa mwanadamu. Sisemi alikadiria karibu na mahali alipotaka. Nanga ilining'inia juu ya katikati ya mchanga ule mweupe, chombo kimetulia tuli, kabla ya kuanza kurudi nyuma kwa msukumo wa upepo.

Hakuitupa nanga. Aliiteremsha kwa mikono, mnyororo ukipita viganjani pingili kwa pingili, hadi ikagusa chini, nami nikaona vumbi dogo la mchanga likiinuka huko chini na kutulia. Upepo ulipokuwa ukiturudisha nyuma, yeye aliendelea kuutoa mnyororo kwa kadiri ile ile tuliyorudi, ukawa unalala sakafuni umenyooka badala ya kurundikana. Kisha akaukaza. Akavua kiatu cha mguu wa kulia, akaweka unyayo mtupu juu ya mnyororo, akasimama hivyo huku akitazama nchi kavu. Nanga inayoburuta hutetema, na mtetemo huo hupanda kwenye mnyororo hadi mguuni. Iliyoshika huwa kimya. Kilimani alikuwa amechagua pembe ya ukuta wa mawe na mtini mmoja uliokuwa nyuma yake. Vitu hivyo viwili vilipobaki vimepangana kwa muda wa kutosha kuvuta sigara nzima, alivaa kiatu chake.

Hakuna kelele iliyosikika. Mtoto aliyekuwa amelala kwenye mashua ya jirani hakuamka.

Magharibi ilipoingia likaja kundi la mashua tatu za kukodi, zote kwa injini. Ya kwanza ilisimama katikati ya baka jeusi, ikabonyezwa kitufe, mnyororo ukaporomoka kwa kishindo ukarundikana juu ya nanga. Haikushika. Wakaivuta, ikapanda na furushi la majani mabichi, wakaitupa tena. Mume alikuwa akipiga kelele kutoka tezi na mke akimjibu kutoka omo. Jaribio la mwisho liliwaridhisha, wakazima injini, wakawasha muziki.

Majani yale ni Posidonia oceanica. Hayako popote pengine duniani isipokuwa Mediterania. Ndimo samaki wanamozaliana, ndiyo yanayoshika mchanga usichukuliwe na mawimbi, na mashina yake hutambaa sentimeta chache tu kwa mwaka. Karibu na Formentera, mwaka 2006, watafiti walielezea mmea mmoja wa aina hiyo ulioenea kilomita kadhaa, wenye umri wa maelfu ya miaka. Furushi lile lililopanda na nanga pale Lavsa lilikuwa kazi ya miaka mingi. Visiwa vya Balearic vilipiga marufuku kutia nanga juu ya majani hayo mwaka 2018, na Ufaransa imewabana wenye vyombo vikubwa. Sheria ni njema, na ziongezwe. Ila Barba hakuwahi kuhitaji sheria. Aliyefundishwa kutia nanga kwa tanga hutafuta mchanga kwa sababu nanga haishiki vizuri kwenye majani, na isiposhika mara ya kwanza hategemei injini kumwokoa. Ufundi wake uliilinda bahari kabla hajaja mtu wa kuitungia bahari kanuni. Ilipokuja injini ya kurudia makosa, mtu akaweza kukosea mara nne bila kupata hasara, na hasara ikahamia chini, asikokuona.

Turudi Betina. Kijiji hicho kimeunda vyombo vya mbao tangu karne ya 18, na chombo chake kinachojulikana ni gajeta, mashua pana ya tumbo iliyochukua kila kitu ambacho watu wa Murter walihitaji kupeleka Kornati na kurudisha: kondoo, punda, mafuta ya zeituni, kuni, bibi harusi. Kuna jumba la makumbusho la uundaji huo lililofunguliwa mwaka 2015, nalo limefanywa kwa mapenzi. Shoka, misumeno na vifaa vya kalafati vimepangwa na watu wanaojua vilivyotumika. Lakini nje, majini, ndiko nilikosimama muda mrefu. Gajeta moja ilikuwa inatwekwa tanga. Foromali ndefu imeshikwa mlingotini kwa kamba, tanga la pembe tatu linafunguka chini yake, goshi imevutwa mbele. Mimi nimezaliwa Mkokotoni, Zanzibar, penye tanga lilelile. Ukubwa wa chombo tu ndio uliobadilika.

Wataalamu waliamini zamani kwamba tanga hilo lilipelekwa Mediterania na Waarabu. Siku hizi huonyesha michongo ya mawe ya zama za Warumi yenye tanga la namna hiyo, karne kadhaa kabla ya Uislamu. Nani alimfunza nani sitaamua mimi. Ninachojua ni kwamba mjomba wangu, aliyekuwa akichukua boriti na makuti kwa mashua, alikisi tanga kama lile kwa amri moja tu ya kikohozi, na wanamaji wake watatu wakajua ni nani ashike demani, nani akimbilie goshi, na nani ainame asipigwe na foromali. Pale Betina vijana wanne walikuwa wakifanya kazi hiyohiyo kwa kusaidiwa na mzee aliyeketi gatini juu ya kiti cha plastiki. Aliwaelekeza kwa fimbo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 Murter huwa na mashindano ya matanga hayo kila mwaka, msimu wa watalii ukikaribia kwisha, na ni kwa ajili ya mashindano hayo vijana walikuwa wakijifunza. Nawashukuru. Hata hivyo sikuweza kujizuia kufikiri kwamba chombo kilichozaliwa kubeba kondoo sasa kinabeba kumbukumbu, tena kwa wikiendi moja.

Watu wa visiwa hivyo walirukaruka kisiwa hadi kisiwa tangu zamani za kale. Wagiriki wa Paros walijenga mji wa Pharos huko Hvar mwaka 384 kabla ya Kristo. Katikati ya bahari, kwenye kijisiwa cha Palagruža, kumeokotwa vigae vya vyungu vyenye jina la Diomedes, shujaa wa Wagiriki, vilivyoachwa na mabaharia waliovuka bahari hiyo na kupumzika hapo. Merikebu za Venezia nazo zilitweka na kutua kwa vituo, Zadar, Šibenik, Hvar, Korčula, zikitafuta maji ya kunywa na hifadhi. Hakuna aliyeita hayo matembezi. Kila kisiwa kilikuwa swali kuhusu upepo, na asiyelijibu vizuri alizikwa huko.

Walionigusa zaidi ni wavuvi wa Komiža, kisiwani Vis. Walikuwa na gajeta yao ya aina ya pekee, falkuša, ya mita 9 hivi, nyembamba, yenye mbao za ubavuni zinazopachikwa ili maji yasiingie wakiwa safarini kwa tanga, na kuchomolewa ili chombo kiwe chepesi kwa makasia. Walikwenda nayo hadi Palagruža, maili 42 za baharini, kufuata dagaa. Pwani ya kuvutia vyombo huko ni ndogo, haiwatoshi wote, kwa hiyo waliondoka Komiža siku moja kwa mashindano, na aliyewahi ndiye aliyechagua mahali. Mashindano hayo yametajwa tangu 1593, na ya mwisho ya kazi yalikuwa 1936. Kisha zikaja injini. Falkuša ya asili iliyokuwa imebaki iliharibika katika miaka ya 1980, na mwaka 1997 mafundi wakaunda mpya kwa kufuata ile, ikapelekwa kuonyeshwa Lisbon mwaka uliofuata.

Nilitamani sana kuiona Komiža, na Barba alilijua hilo. Tulikuwa Kaprije, kisiwa kisicho na magari, wakati aliponiita mlingotini asubuhi na kunishikisha kile kipande cha katani. Kilikuwa kigumu kama ukucha. Mbingu ilikuwa bado nyeupe, bahari imelala. "Jugo," akasema, akaenda kuongeza kamba za kufungia chombo. Siku ile hakikutokea kitu. Iliyofuata mawimbi yalianza kuingia kwenye mlango wa bahari, marefu, yamepangana, na usiku upepo ukafika. Tulikaa. Alinifundisha kuunga kamba, tukala dengu, wazee wa kisiwa wakaja kucheza karata chini ya turubai. Nilimwona akiwa na furaha ileile aliyokuwa nayo siku tuliyokwenda joshi, kwa sababu kwake yeye kukaa Kaprije ni sehemu ya safari, na kukaa vizuri kuna ufundi wake.

Mashua za kukodi zilizokuwa nasi ziliondoka. Ijumaa ilikuwa inakaribia, na mkataba haukuandikwa kwa ajili ya jugo. Barba alikwenda gatini kumsihi kijana mmoja mwenye mke na watoto wawili angoje hadi kesho. Kijana alikuwa mstaarabu. Alionyesha karatasi, akaonyesha faini ya kuchelewa, akaonyesha simu yenye saa ya ndege. Walirudi baadaye siku hiyohiyo, tanga la mbele limechanika toka juu hadi chini, wakubwa wamesawijika, watoto wamelowa na wamenyamaza kwa namna ambayo watoto hawapaswi kunyamaza. Mzee yule alizipokea kamba zao, akawafunga mahali salama, akawapelekea dengu. Hakusema lolote juu ya asubuhi. Mimi nilikuwa na mengi ya kusema, na bado ninayo, wala si juu ya kijana yule. Nani aliamua kwamba bahari itakodishwa kwa juma, kama chumba? Mtu amefundishwa kwa maswali ya karatasi, akapewa cheti, akapewa chombo cha mita 13 na ratiba. Hakupewa ruhusa ya kungoja, nayo ndiyo kifaa cha kwanza cha safari ya tanga.

Komiža sijaiona hadi leo. Jugo ulipotulia, siku zilikuwa zimebaki za kurudi tu, tukarudi na upepo wa nyuma, matanga yamefunguliwa huku na huku, na Barba akiimba kwa sauti ya puani.

Ana mtoto wa kiume. Ni kijana mwema, anamheshimu baba yake, na kila Jumapili hula kwake. Ana boti ya injini mbili. Huchukua watalii asubuhi, akawaonyesha visiwa vinne vya Kornati na kuwarudisha kabla ya jua kutua. Nilimwuliza kama amewahi kufikiria kuichukua mashua ya mzee. Alinijibu bila dharau yoyote kwamba anazijua pepo zote, baba yake alimfundisha akiwa mdogo, na lile la kutia nanga pia anaweza, au aliweza. "Lakini nani atanilipa siku ya kungoja?" Nilitafuta jibu pale gatini, kwa kuwa alikuwa ameuliza kweli na alitaka kujua, na sikulipata.

Mashua ya mbao hula fedha. Kila masika sharti ipandishwe, ikwanguliwe, itiwe kalafati, ipakwe rangi, na mafundi wa kalafati waliobaki Betina ni watu wazima wenye magoti mabovu. Mwaka huu Barba ameniandikia kwamba haitashuka majini. Magoti yake mwenyewe hayamruhusu tena kwenda omo bila haraka na kufika kwa wakati, na kwa injini hataki. Iko juu ya magogo, inauzwa. Wanaokuja kuiangalia ni wengi, asema, na karibu wote humwomba kwanza awafungulie kifuniko cha injini, wakauliza ina nguvu za farasi ngapi na inakula dizeli kiasi gani kwa saa. Matanga yamekunjwa kwenye boma la nyumba yake, juu ya mapipa ya zeituni, na bado hajatokea aliyeomba kuyaona.